Konyaki au armanyaki: jinsi ya kuchagua kati ya brandi mbili za Ufaransa

Mtu anayetaka kununua chupa ya brandi ya zabibu kutoka Ufaransa, iwe ya kumpelekea mkwe, ya kumuaga mkuu wa kazi anayestaafu, au ya kuweka nyumbani kwa ajili ya wageni wachache wanaojua kunywa taratibu, hukutana na majina mawili: konyaki na armanyaki. Zote mbili hutokana na divai nyeupe, zote hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni kwa miaka, na zote hutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika maeneo yanayotengana kwa kilomita 200 hivi. Hata hivyo tabia zake hazifanani, na nimeona mara nyingi mtu akichukua ya kwanza kwa sababu tu jina lake analijua, ilhali alichokuwa akikitafuta kimo ndani ya ya pili.

Tuanze na jina lenyewe, maana hapo ndipo msomaji wa Tanzania anapoweza kuteleza. Konyaki ninayoizungumzia siyo Konyagi, ile pombe kali nyeupe ya Tanzania inayotokana na miwa, ingawa majina hayo mawili yana asili moja. Kwa sheria za Ulaya, konyaki ni brandi ya zabibu zilizolimwa, zikachachushwa na kukenekwa (yaani kuchemshwa na mvuke wake kukusanywa kuwa pombe kali) katika eneo linalouzunguka mji wa Cognac, kwenye bonde la mto Charente, na brandi ya mahali pengine, hata ikifuata hatua zile zile, hairuhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Armanyaki nayo ni ya Gascogne, katika wilaya za Gers, Landes na Lot-et-Garonne. Mipaka ya maeneo yote mawili iliwekwa na serikali ya Ufaransa mwaka huo huo mmoja, 1909, na hadhi ya jina linalolindwa kisheria ikafuata mwaka 1936.

Bahari na shamba

Tofauti kubwa kati ya brandi hizi ilianzia kwenye maji. Cognac una mto unaopitika hadi Bahari ya Atlantiki, na kabla ya brandi, mto huo ulikuwa ukibeba chumvi na divai. Wafanyabiashara wa Uholanzi waliokuja kununua vitu hivyo katika karne ya 16 na ya 17 waliona kuwa divai nyepesi ya Charente ilikuwa ikiharibika njiani, wakaanza kuichemsha na kukusanya mvuke wake, ili wasafirishe ujazo mdogo usioharibika. Walikiita kinywaji hicho divai iliyochomwa, na neno lao ndilo lililozaa neno brandi. Meli zilipochelewa, pombe ile ilikaa kwenye mapipa ya mwaloni kwa miezi na hata miaka, na watu wakagundua kuwa kukaa huko hakukuiharibu bali kuliipa rangi, ulaini na harufu ambayo haikuwa nayo ilipotoka mtamboni.

Kwa kuwa biashara hii ilikuwa ya ng'ambo tangu mwanzo, watu walioijenga nao walitoka mbali. Jean Martell alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, akafungua nyumba yake ya biashara mwaka 1715. Richard Hennessy alikuwa Mwailandi aliyewahi kuwa askari katika jeshi la mfalme wa Ufaransa, naye alianza mwaka 1765. Katikati yao, mwaka 1724, yumo Rémy Martin, mtoto wa wakulima wa papo hapo. Herufi zilizo kwenye lebo za konyaki hadi leo, VS (Very Special), VSOP (Very Superior Old Pale) na XO (Extra Old), ni vifupisho vya Kiingereza, lugha ya wanunuzi. Mpaka sasa zaidi ya asilimia 95 ya konyaki huuzwa nje ya Ufaransa, na Marekani ndiyo imekuwa soko lake kubwa kuliko yote.

Gascogne haikuwa na njia kama hiyo. Ni nchi ya bara, na divai yake iliyotaka kufika baharini ililazimika kupita Bordeaux, ambako wafanyabiashara wa mji walikuwa na haki maalumu za kuzuia divai za bara zisiuzwe kabla ya zao. Haki hizo zilihusu divai, hazikuhusu pombe iliyokenekwa, kwa hiyo wakulima wa Gascogne walipata sababu ya kuwasha mitambo. Lakini maarifa yenyewe yalikuwepo muda mrefu kabla ya hapo: mwaka 1310 Vital du Four, mtawa wa Kifransisko ambaye baadaye alifanywa kardinali, aliandika juu ya faida 40 za maji hayo ya moto, akiyataja kama dawa. Kwa kumbukumbu za maandishi, basi, armanyaki ndiyo kongwe, na yeyote anayenunua konyaki kwa kuamini kwamba ndiyo brandi ya kale kuliko zote za Ufaransa amekosea hesabu kwa karne nyingi.

Kukosa bandari kuliiacha armanyaki mikononi mwa wakulima. Ziko nyumba za biashara zenye historia ndefu, kama Castarède ya mwaka 1832 na Janneau ya mwaka 1851, lakini sehemu kubwa ya sifa ya kinywaji hiki imebebwa na familia zenye hekta chache za mizabibu, zinazoweka mapipa yao bandani kama watu wengine wanavyoweka ng'ombe, wakauza pipa moja pale haja inapowajia. Konyaki huuzwa zaidi ya chupa milioni 100 kwa mwaka. Armanyaki huuzwa chupa milioni chache tu, na nyingi kati ya hizo hunywewa Ufaransa kwenyewe.

Udongo na mzabibu

Konyaki hugawanywa katika maeneo sita kulingana na udongo. Yenye sifa kuu ni Grande Champagne na Petite Champagne, ambayo hayahusiani hata kidogo na divai ya mapovu ya jina hilo. Yameitwa hivyo kwa sababu ya mashamba ya wazi yenye udongo wa chokaa. Chokaa hiyo hutoa pombe nyepesi yenye harufu ya maua, inayohitaji miaka mingi ya pipa kabla ya kufunguka. Borderies, dogo kuliko yote, hupendwa kwa harufu inayokumbusha maua ya urujuani, na Fins Bois hukomaa upesi zaidi. Chupa iliyoandikwa Fine Champagne ni mchanganyiko wa maeneo mawili ya kwanza, ambao walau nusu yake imetoka Grande Champagne.

Armanyaki ina maeneo matatu tu. Bas-Armagnac, upande wa magharibi, una mchanga uliotiwa rangi ya njano na kahawia na madini ya chuma, nao ndio unaotoa armanyaki laini zenye harufu ya matunda makavu. Ténarèze ina mfinyanzi na chokaa, na pombe yake huwa kali na ngumu ujanani, ila mtu mwenye subira hulipwa. Haut-Armagnac ni eneo pana kwenye ramani lakini mizabibu yake ya brandi ni michache mno.

Zabibu zote hizi ni nyeupe, na divai yake, kwa kusema kweli, haifai kunywewa mezani: ni chachu, nyembamba, na ina alkoholi ya asilimia 8 hadi 10 tu. Hilo ndilo linalotakiwa. Uchachu huikinga divai hadi itakapofika mtamboni bila kutiwa salfa, ambayo ingejikusanya na kuharibu harufu, na uchache wa alkoholi humaanisha kwamba harufu ya zabibu hukusanywa kutoka katika divai nyingi. Lita moja ya konyaki changa huhitaji lita 9 hivi za divai. Zamani zabibu iliyotawala pande zote mbili ilikuwa Folle Blanche, mpaka filoksera, mdudu mdogo mfano wa kidukari aliyeletwa na mimea kutoka Amerika, alipoila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1870. Tiba ilikuwa kuibebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kiamerika yanayomstahimili mdudu huyo, lakini Folle Blanche ikibebeshwa hivyo huoza kwa urahisi. Cognac wakahamia karibu kabisa kwenye Ugni Blanc, yenye mavuno mengi na afya njema. Gascogne nao waliipanda Ugni Blanc, ila wakabaki na mchanganyiko zaidi, na mwishoni mwa karne ya 19 mwalimu wa shule wa Landes, François Baco, alizalisha mzabibu chotara kati ya Folle Blanche na Noah wa Kiamerika. Mzabibu huo, unaoitwa Baco, unastawi vizuri kwenye ule mchanga wa Bas-Armagnac na hutoa pombe nzito inayovumilia miaka mingi ya pipa.

Mtambo

Hapa ndipo ladha zinapoachana, na kama msomaji ana nafasi ya kukumbuka jambo moja tu, ningependa liwe hili. Anayejua jinsi gongo au chang'aa inavyopikwa anaujua msingi wake tayari: kinywaji kilichochachuka hupashwa moto, mvuke wenye alkoholi hupanda kabla ya maji, hupitishwa kwenye bomba lililopozwa, hudondoka ukiwa pombe kali. Swali ni mara ngapi unafanya hivyo, na unaacha nini nyuma.

Konyaki hukenekwa mara mbili, kwa chungu cha shaba nyekundu chenye kofia ya mviringo na bomba lililopinda kama shingo ya bata, juu ya moto wa moja kwa moja. Mzunguko wa kwanza hutoa kimiminika cha ukungu chenye alkoholi ya asilimia 28 hadi 32. Hicho hurudishwa katika chungu ambacho kwa sheria hakiruhusiwi kutiwa zaidi ya lita 2,500 kwa mzunguko huu wa pili, na sasa mpishi hukaa macho kutenganisha: kichwa, kinachotoka kwanza na kuwasha pua, huwekwa kando, moyo, wa asilimia 70 hivi, huchukuliwa, mkia, mzito na wenye harufu mbaya, huondolewa pia. Shaba yenyewe hufanya kazi, maana hunasa asidi za mafuta na viini vya salfa ambavyo vingeachia pombe harufu isiyotakiwa. Kinachobaki ni pombe safi na ya kupendeza, iliyopunguziwa mengi. Kila nyumba ina msimamo wake hata ndani ya kanuni hizo: Martell hukeneka divai iliyoondolewa mashapo, Rémy Martin hukeneka pamoja na mashapo yake ili kupata uzito zaidi kinywani.

Armanyaki kwa desturi hukenekwa mara moja tu, katika mtambo wenye mnara mfupi wa shaba uliopangwa visahani ndani. Divai huingia ikiwa baridi, ikapozea mabomba ya mvuke huku yenyewe ikipata joto, kisha hushuka kisahani baada ya kisahani na kukutana na mvuke unaopanda. Mvuke huo hupita ndani ya divai na kubeba harufu zake. Pombe inayotoka huwa na alkoholi ya asilimia 52 hadi 60, na kila asilimia iliyopungua kulinganisha na konyaki ni nafasi ya kitu kingine kilichovuka pamoja nayo: mafuta, harufu ya tunda, ladha ya udongo na ya mashapo. Ndiyo maana armanyaki changa ni kali na yenye vurugu ukilinganisha na konyaki ya umri ule ule, na ndiyo maana pia ile ya miaka 20 ina mambo mengi ya kusema. Tangu mwaka 1972 sheria inaruhusu kukeneka mara mbili Gascogne pia, na wapo wanaochanganya njia hizo.

Jambo moja la Gascogne sina budi kulitaja, kwa sababu halionekani kwenye lebo yoyote. Wakulima wengi hawana mtambo, hivyo mtambo huwafuata: hupakiwa kwenye mkokoteni, ukavutwa na trekta kutoka shamba hadi shamba wakati wa baridi, na mpishi wake hukesha nao, akichochea kuni usiku na mchana mpaka divai ya familia ile imalizike. Pande zote mbili kazi hii lazima iishe ifikapo tarehe 31 Machi, kabla joto la majira halijaigusa divai.

Pipa na wakati

Pombe ikitoka mtamboni haina rangi. Konyaki hutiwa kwenye mapipa ya mwaloni wa misitu ya Limousin au Tronçais. Mwaloni wa kwanza una vinyweleo vipana na huachia tanini, ule ukakasi wa mti, upesi, wa pili umebana na hutoa harufu polepole. Gascogne hutumia mapipa ya lita 400 hivi, mengine yakiwa ya mwaloni mweusi wa huko huko, wenye tanini nyingi, unaofaa pombe yao nzito. Kote kuwili pombe huanzia kwenye pipa jipya kwa muda mfupi, kisha huhamishiwa kwenye mapipa makongwe yasiyo na tanini ya kutoa, ambamo kazi inayobaki ni ya hewa na wakati.

Hewa hiyo hudai malipo. Kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo hupotea kwa mvuke, na Wafaransa husema hilo ni fungu la malaika. Mvuke huo hulisha kuvu mweusi anayeota kwenye kuta na paa za maghala, kiasi kwamba mgeni wa Cognac huweza kuyatambua maghala ya brandi kwa weusi wake kabla hajasoma kibao. Ghala kavu hupoteza maji zaidi na kuiacha pombe ikiwa na makali. Ghala lenye unyevu, karibu na mto, hupoteza alkoholi zaidi na kuilainisha. Baada ya miaka mingi huja ile hali wanayoiita ransio, harufu ya karanga za jozi, uyoga na ngozi ya zamani, ambayo haiwezi kupatikana kwa njia nyingine isipokuwa kungoja. Pombe iliyofika kilele chake huhamishiwa kwenye mitungi mikubwa ya kioo, na hapo kuzeeka kunakoma.

Kanuni hiyo ya kioo imhusu mnunuzi pia. Brandi haikomai ndani ya chupa. Armanyaki ya mwaka 1985 iliyotiwa chupani mwaka 2000 ina umri wa miaka 15, na itabaki hivyo hata ikikaa kabatini kwa miaka mingine 30. Kwa hiyo tafuta tarehe ya kutiwa chupani, ambayo wazalishaji wengi makini wa armanyaki huiandika.

Herufi za kwenye lebo

Herufi zinafanana pande zote mbili lakini hazilingani kikamilifu. Umri unaotajwa ni wa pombe changa kuliko zote zilizomo kwenye mchanganyiko. VS ya konyaki imekaa pipani angalau miaka 2, ya armanyaki mwaka 1 tu, na hii ya pili siishauri kwa kunywa yenyewe. VSOP ni miaka 4 na Napoléon ni miaka 6, kote. XO ni miaka 10. Kwa konyaki kiwango hicho kilipandishwa kutoka miaka 6 mwaka 2018, kwa hiyo chupa ya XO iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kuwa na pombe changa zaidi. Maneno Hors d'âge kwenye armanyaki nayo yanamaanisha miaka 10 au zaidi. Sheria inaruhusu pande zote kuongeza karameli kwa ajili ya rangi, kwa hiyo weusi wa kinywaji si ushahidi wa umri.

Tofauti kubwa ni chupa za mwaka mmoja. Konyaki ni kazi ya bwana wa ghala, anayechanganya pombe za miaka na mashamba mbalimbali, nyakati nyingine makumi kadhaa, ili chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka uliopita na ya mwaka ujao. Konyaki ya mwaka mmoja ipo, lakini ni adimu, na mapipa yake hulindwa kwa lakiri. Kwa armanyaki, chupa yenye mwaka wa mavuno ni jambo la kawaida, ilimradi imekaa pipani angalau miaka 10, na nyingi huuzwa bila kupunguzwa kwa maji, na alkoholi yake hubaki kwenye asilimia 45 au zaidi.

Basi uchague ipi

Ikiwa unampelekea mtu zawadi mbele ya watu, na unataka kila aliyepo atambue uzito wake, chukua konyaki ya nyumba kubwa, VSOP au XO. Jina linatambulika Nairobi, Dubai na Paris, na ladha haitamshangaza anayepokea. Ikiwa kinywaji kitachanganywa na soda ya tangawizi au barafu, konyaki ya VS inatosha; usiimwagie soda armanyaki ya miaka 20, kwa sababu unachokilipia kitapotea.

Ikiwa zawadi ni ya mtu mmoja unayemjua vizuri, kama mzazi anayetimiza miaka 60 au rafiki aliyefunga ndoa mwaka fulani, armanyaki ya mwaka huo huo ndiyo zawadi ninayoiona bora kuliko zote katika ulimwengu wa pombe kali, na inapatikana kwa bei ambayo konyaki ya umri huo haiwezi kuikaribia. Kwa umri sawa, armanyaki mara nyingi ni nafuu, kwa kuwa hailipii matangazo makubwa. Upande wake mgumu ni upatikanaji: maduka mengi ya Afrika Mashariki hayana, na huenda ukaagiza kutoka Ulaya au ukamtuma msafiri. Popote unaponunua, na hasa kwa konyaki zenye majina makubwa ambazo ndizo zinazoghushiwa, kagua stempu ya kodi kwenye kizibo na ununue kwenye duka unaloliamini.

Kwa kunywa mwenyewe, konyaki nzuri hupita kinywani kwa ulaini na kuacha harufu ya maua, vanila na maganda ya chungwa; armanyaki hukaa, ina plamu kavu, tofi na moshi wa mbali, na ncha zake hazikusuguliwa zote. Tumia bilauri ndogo iliyobana mdomoni, usiipashe moto, uiache kwa dakika kadhaa kabla ya kuonja, na chupa iweke wima kwa sababu alkoholi hula kizibo.

Mimi mwenyewe, nikiwa na fedha za chupa moja tu, nachagua Bas-Armagnac ya Hors d'âge kutoka kwa familia ndogo. Lakini kwa anayeanza kabisa, asiyewahi kunywa brandi iliyozeeka, ningemwambia aanze na konyaki ya VSOP kutoka Petite Champagne au Borderies, ajifunze kwanza jinsi pombe iliyokenekwa mara mbili ilivyo safi, kisha afungue ile ya Gascogne kando yake, mezani pamoja, siku hiyo hiyo.